Mwito wa Mwindaji: Kwa Nini Mnyama Huja?

Katika misitu ya bonde la Kongo mwindaji huchutama penye kivuli, hubana pua yake kwa vidole viwili, kisha hutoa kilio chembamba cha puani. Hukirudia mara mbili au tatu, halafu hunyamaza. Baada ya muda majani hutikisika na funo hutokeza kichwa, masikio yamesimama, akimtafuta mtoto anayelia. Mtoto hayupo. Kilio kile kilikuwa sauti ya mwanadamu.

Ufundi huu unajulikana katika sehemu nyingi za Afrika ya Kati na ya Magharibi. Mifano inayofanana nao hupatikana Ulaya na Amerika, ambako wawindaji huwaita kwa sauti wale wanyama wenye pembe za matawi ambao vitabu vyetu huwaita kulungu. Msomaji na akumbuke kwamba kulungu wa namna hiyo hawaishi porini hapa Tanzania. Mahali pengi nchini jina la kulungu hupewa pongo, naye ni wa jamii moja na ng'ombe, mbuzi na swala: pembe zake hazina matawi wala hazidondoki kila mwaka na kuota upya. Lakini kuhusu jambo tunalolichunguza, yaani mwito na mwitikio, funo, pongo na kulungu wa Ulaya wanafanana kuliko wanavyotofautiana.

Swali la somo hili si namna ya kupata kitoweo. Ni swali la elimuviumbe na la fizikia kwa pamoja. Mnyama mwenye masikio makali kuliko yetu, na pua inayoishinda yetu mara nyingi, adanganywe vipi na mtu aliyebana pua? Na kwa nini siku nyingine hadanganyiki hata kidogo?

Tutalitazama swali hili tukiwa Lyamkena, karibu na mji wa Makambako katika Mkoa wa Njombe. Nyanda hizi za juu zimegeuzwa kwa kiasi kikubwa kuwa mashamba na misitu ya kupandwa, misonobari, mikaratusi na miwati. Hata hivyo nsya, yule mnyama mdogo wa vichakani, ni miongoni mwa wale wanaoweza kuishi karibu na makazi ya watu. Tena kuna jambo jingine ambalo kila mkazi wa Makambako analijua bila kufundishwa, nalo ni upepo. Tutaona hapo mbele kwamba upepo ndio hakimu wa kila mwito.

Mazungumzo yaliyotangulia

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba mwindaji habuni lugha. Huingia katika mazungumzo ambayo wanyama walikuwa nayo kabla yake, akajifanya mmoja wao. Kwa hiyo kabla ya kuuliza mwito gani unafaa, hatuna budi kuuliza sauti ile ina maana gani kwa anayeisikia.

Chukua mfano wa pongo. Anaposhtuka hubweka kwa sauti nzito inayofanana sana na ya mbwa. Mtu asiyejua anaweza kuiga mbweko ule akidhani anamwita mnyama, kumbe anamwambia: hatari, kaa macho! Tohe naye hupiga mbinja kali kwa kupitisha pumzi puani, na mbinja hiyo huwaweka wenziwe katika tahadhari. Sauti imeigwa vizuri, lakini ujumbe ni wa kufukuza. Huu ndio upungufu wa watu wengi wanaojifunza kuita: hufanya mazoezi ya sauti bila kufanya mazoezi ya maana.

Tena wasikilizaji ni wengi kuliko mwitaji anavyodhani. Mwaka 2008 watafiti waliofanya kazi nchini Kenya walitangaza matokeo ya jaribio juu ya digidigi. Waliwapigia kwa kipaza sauti kilio cha tahadhari cha ndege mmoja mwenye kishungi na tumbo jeupe, aishiye nao katika vichaka vilevile. Digidigi waliacha kula wakainua vichwa, ingawa aliyepiga kelele si wa jamii yao kamwe. Walipopigiwa wimbo wa kawaida wa ndege asiyetoa tahadhari hawakujali kiasi hicho. Mwindaji aliyekaa chini ya mti, akaonwa na ndege wa juu, mwito wake umekwisha kukanushwa na shahidi mwingine kabla haujamfikia mlengwa.

Kuhusu maana ya sauti, utafiti mashuhuri zaidi katika Afrika ya Mashariki ni ule wa tumbili wa Amboseli uliotangazwa mwaka 1980 na Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler. Tumbili hao wana vilio mbalimbali vya tahadhari: cha chui, cha tai na cha nyoka. Watafiti walificha vipaza sauti vichakani wakavipiga vilio hivyo wakati hapakuwa na adui yeyote. Kwa kilio cha chui tumbili walikimbilia mitini. Kwa kilio cha tai walitazama juu. Kwa kilio cha nyoka walitazama chini majanini. Sauti peke yake ilitosha. Twaona basi kwamba sauti kwa mnyama si kelele tu. Ni habari, na habari humfanya atende jambo maalumu.

Je, wanyama wenyewe hudanganyana? Naam. Katika Maasai Mara, watafiti Jakob Bro-Jørgensen na Wiline Pangle walionyesha mwaka 2010 kwamba nyamera dume, anapoona jike lililo tayari kupandwa linataka kutoka katika eneo lake, hutoa mkoromo wa tahadhari kana kwamba ameona simba mbele. Simba hayupo. Jike husita, hubaki, na dume hupata nafasi ya kupandana nalo. Mkoromo wa uongo haukutofautiana na ule wa kweli. Kwa nini basi majike hawaupuuzi? Jibu la swali hili ndilo ufunguo wa somo letu lote, na tutalieleza kwa mfano wa mama na mtoto.

Kilio cha mtoto

Wanyama wengi wa jamii ya funo, nsya na pongo, na kulungu wengi wa Ulaya na Amerika, humficha mtoto wao katika siku zake za kwanza. Mama humwacha amelala kimya majanini, yeye huenda kula, hurudi kumnyonyesha, kisha huondoka tena. Ukimya ndio ngao ya mtoto huyo, hasa kwa kuwa hana mbio bado. Kwa hiyo akilia kwa nguvu, maana yake ni moja: amekamatwa, au karibu kukamatwa.

Sasa mfikirie mama aliye umbali wa mita mia mbili. Anasikia kilio. Anaweza kukosea kwa njia mbili. Anaweza kuitikia kilio kisichokuwa cha mtoto wake, na hasara yake ni kupoteza muda na kujihatarisha kidogo. Au anaweza kupuuza kilio ambacho kweli ni cha mtoto wake, na hasara yake ni mtoto. Makosa haya mawili hayalingani uzito. Nsya kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu kwa uzazi mmoja, hivyo kumpoteza ni kupoteza matunda ya miezi mingi ya mimba. Katika vizazi vingi, mama waliokuwa wepesi kuitikia, hata kwa vilio vya kutiliwa shaka, waliacha watoto wengi zaidi kuliko mama waliosubiri uhakika. Wepesi huo umerithiwa.

Hapo ndipo mwindaji anapopenya. Hamdanganyi mnyama mjinga. Anautumia uamuzi ambao kwa kawaida ni wa busara. Kadhalika jike la nyamera: kumpuuza dume mwongo mara kumi hakuna hasara, lakini kumpuuza dume mkweli mara moja kwaweza kuwa mwisho wa maisha. Uongo hudumu pale tu ambapo ukweli hautokei kwa nadra sana, na kuupuuza ukweli huo ni ghali.

Je, sauti inatakiwa iwe sahihi kiasi gani? Jambo hili lilipimwa nchini Kanada na Susan Lingle na Tobias Riede, waliotangaza kazi yao mwaka 2014. Waliwapigia kulungu majike vilio vya dhiki vya watoto wa viumbe mbalimbali: mtoto wa binadamu, wa paka, wa sili wa baharini, hata wa popo, ambacho kwanza kilishushwa kwa mitambo kwa sababu ni chembamba mno. Mama waliviendea vipaza sauti vile, mradi tu wembamba wa sauti, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, ulikuwa katika kiwango cha watoto wa kulungu. Sauti ikipandishwa au kushushwa nje ya kiwango hicho, mwitikio ulififia.

Matokeo hayo yanaeleza pua iliyobanwa ya mwindaji wa Kongo. Hakuna haja ya kuiga kila kipengele cha sauti ya mtoto wa funo. Inatosha kupata wembamba unaofaa, mwanzo wa ghafla, na mrudio wa dhiki. Tena yanatufundisha kwamba kilio cha dhiki kimeshabihiana mno katika wanyama wanyonyeshao. Labda ndiyo sababu mtu mwenyewe hushtuka asikiapo mwana-mbuzi akilia, hata kama hajawahi kufuga.

Hata hivyo si mama wote walio sawa. Katika jamii moja ya kulungu wa Ulaya wenye madoa, utafiti uliotangazwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba mtoto huitambua sauti ya mama yake, lakini mama haitofautishi sauti ya mtoto wake na ya mtoto mwingine. Mbuzi wa kufugwa, kinyume chake, hutambuana pande zote mbili. Msomaji aiweke tofauti hii akilini, maana tutairudia katika jaribio.

Dume na ukubwa wa sauti yake

Njia nyingine ya kuita hutumia uhasama wa madume katika msimu wa kupandana. Katika Ulaya, kulungu mwekundu dume hunguruma usiku na mchana wakati wa vuli. Wawindaji wa huko huiga ngurumo hiyo kwa kupuliza pembe ya ng'ombe au kombe kubwa la bahari, na dume mwenye eneo huja kumfukuza mgeni.

Tim Clutton-Brock na Steven Albon, katika kisiwa cha Rum huko Uskoti, walionyesha mwaka 1979 kwamba madume wawili hushindana kwanza kwa kunguruma kabla ya kupigana, kila mmoja akijaribu kumzidi mwenzake kwa wingi wa ngurumo katika dakika. Kunguruma kunachosha, mnyonge hawezi kuendelea. Kwa hiyo idadi ya ngurumo ni kipimo cha kweli cha nguvu, na mara nyingi mnyonge huondoka bila pembe kugusana.

Hapa pana funzo la fizikia linalofaa kabisa kwa darasa. Njia ya sauti kutoka kikoromeo hadi midomoni ni kama bomba lililozibwa upande mmoja. Bomba la namna hiyo huvuma kwa nguvu zaidi pale urefu wake unapokuwa robo ya wimbi. Tukichukua mwendo wa sauti kuwa mita 340 kwa sekunde, bomba la sentimita 17, karibu sawa na la mtu mzima mwanamume, huvuma kwanza penye mitetemo 500 kwa sekunde, kwa maana 340 ÷ (4 × 0.17) = 500. Kulungu mwekundu dume hukivuta kikoromeo chake chini kabisa kuelekea kidarini anaponguruma, hata njia ikafikia karibu sentimita 70. Wanafunzi wafanye hesabu: watapata mitetemo ipatayo 121 kwa sekunde. Katika mwaka 2005 David Reby na wenzake walionyesha kwamba madume huusikia urefu huo: walipopigiwa ngurumo zilizorekebishwa zionekane za dume mkubwa zaidi, walisikiliza kwa makini zaidi na kujibu kwa ngurumo nyingi zaidi.

Ndiyo sababu mwindaji anayenguruma kwa mdomo mtupu hujulikana kuwa mdogo, hata akipaza sauti namna gani. Pembe ya ng'ombe humwongezea urefu wa bomba. Mafundi waliovumbua matumizi ya pembe hawakuwa na kanuni ya robo ya wimbi. Walikuwa na masikio na uvumilivu.

Lakini ukubwa una mpaka wake. Ngurumo ya dume mkubwa kupita kiasi yaweza kumwogofya dume wa wastani asije. Na nje ya msimu wa kupandana, ngurumo yoyote haina maana. Huko Texas, katika majaribio ya miaka ya 1990 ya kugonganisha pembe ili kuiga mapigano ya kulungu wa mkia mweupe, mgongano wa kishindo uliwavuta madume wengi kuliko ule wa taratibu, nao waliitikia zaidi wakati msimu ulipopamba moto.

Upepo wa Makambako

Sasa turudi Lyamkena. Makambako na Singida ni sehemu mbili za nchi yetu ambazo wataalamu wamezipima kwa nia ya kuzalisha umeme kwa nguvu za upepo. Upepo huo unafanya mambo mawili kwa mwito.

Kwanza, unaipinda sauti. Karibu na ardhi upepo huzuiwa na nyasi na miti, kwa hiyo huenda polepole. Juu zaidi huenda kwa kasi. Sauti inayosafiri pamoja na upepo huenda haraka zaidi sehemu ya juu kuliko ya chini, hivyo wimbi huinama kuelekea ardhini na kusikika mbali. Sauti inayosafiri kinyume cha upepo huinuliwa juu, na baada ya umbali fulani huacha mahali palipo kimya kabisa karibu na ardhi, ingawa si mbali. Mtu anayemwita mwenzake shambani dhidi ya upepo anajua jambo hili, ila pengine hufikiri kwamba upepo "umeirudisha" sauti. Haukuirudisha, umeipandisha.

Pili, upepo hubeba harufu. Hapa ndipo penye tatizo zuri la kufikirisha, nalo kwa maoni yangu ndilo jambo kubwa zaidi katika ufundi wote huu. Mnyama anayeusikia mwito vizuri kuliko wote ni yule aliye upande ambao upepo unaelekea. Na mnyama huyohuyo ndiye anayeinusa harufu ya mwitaji vizuri kuliko wote! Aliye upande ambao upepo unatoka hawezi kumnusa mtu, lakini pia hausikii mwito vyema. Hakuna ujanja wa koo unaoweza kuondoa mgongano huu.

Wanyama nao huutumia. Mnyama aliyesikia mwito na kuutilia shaka mara nyingi haji moja kwa moja. Huzunguka mpaka afike mahali ambapo upepo utamletea harufu ya anayeita, kana kwamba anasema: nimesikia, sasa nithibitishe. Sikio hupokea dai, pua hudai ushahidi. Ndiyo maana wawindaji wazoefu hawakai wakiupa upepo mgongo wala uso; hukaa ukiwapiga ubavuni, na mahali ambapo mnyama akizunguka atalazimika kupita penye uwazi.

Umbali nao una kanuni yake. Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezwa mara mbili, nguvu ya sauti hupungua kwa desibeli 6. Mwito wenye desibeli 70 penye mita 10 utakuwa na 64 penye mita 20, 58 penye mita 40, na karibu 46 penye mita 160. Majani na matawi hupunguza zaidi, hasa sauti nyembamba, na kilio cha mtoto ni chembamba. Kwa hiyo kilio hicho ni mwito wa karibu, wakati ngurumo ya dume ni mwito wa mbali.

Saa pia ina nafasi yake. Katika mapambazuko ya Juni au Julai, wakati wa baridi kali ya nyanda za juu, hewa iliyogusa ardhi huwa baridi kuliko ile iliyo juu yake. Sauti huenda polepole zaidi katika hewa baridi, karibu mita 337 kwa sekunde penye nyuzi 10 za Selsiasi ikilinganishwa na 346 penye nyuzi 25. Wimbi huinama chini, kama linavyofanya likisafiri na upepo. Jambo hili hufanya treni ya TAZARA isikike alfajiri mbali zaidi kuliko adhuhuri. Saa hiyo upepo nao mara nyingi huwa umetulia. Mwito wa alfajiri tulivu husafiri mbali pande zote, bila ya kuitangaza harufu upande mmoja.

Mwito unaochakaa

Mwito haudumu na nguvu yake. Huko Amboseli Cheney na Seyfarth waliendelea na tumbili wao, na mwaka 1988 walieleza kwamba tumbili wakipigiwa mara nyingi kilio cha mwenzao mmoja bila ya sababu ya kweli, huacha kumjali mwenzao huyo. Hata akitoa kilio kingine chenye maana inayokaribiana na kile cha kwanza, bado hupuuzwa. Lakini tumbili mwingine akitoa kilio hicho hicho, huitikiwa. Basi kinachochakaa ni sifa ya msemaji.

Kwa mwitaji maana yake ni wazi. Kuita mara nyingi ni kujifunua. Kilio cha dhiki cha kweli hakichukui nusu saa. Ama mtoto huokolewa, ama hunyamazishwa. Anayeita bila kukoma anatoa habari ambayo haipo porini.

Yapo maita ya namna nyingine kabisa, yanayodumu kwa sababu pande zote mbili hufaidika. Mlembe ni ndege anayewaongoza watu kwenye nyuki. Watu hupata asali, naye hula nta iliyobaki. Wahadza wa eneo la Ziwa Eyasi humwita kwa mluzi wenye sauti tamu. Wayao wa Niassa, Msumbiji, kwa mtetemo wa ulimi unaomalizikia kwa mguno. Claire Spottiswoode na wenzake walionyesha mwaka 2016 kwamba mwito wa Wayao uliongeza uwezekano wa kuongozwa na ndege kutoka asilimia 33 hadi 66, na uwezekano wa kupata nyuki zaidi ya mara tatu. Mwaka 2023 yeye na Brian Wood waliongeza jambo la ajabu zaidi: mlembe wa Uhadzani waliuitikia mluzi wa Wahadza zaidi ya mara tatu kuliko mwito wa Wayao, na wa Niassa nao waliupendelea mwito wa kwao. Mwito huu basi hujifunzwa mahali hadi mahali, kama lahaja. Kilio cha mtoto hakihitaji kufundishwa. Mluzi wa asali unahitaji jirani wa kukufundisha, na ndege aliyekwisha kuujua.

Nani huja anapoitwa?

Hapa hatuna budi kusimama na kufikiri. Njia nyingine za kuwinda humpata mnyama yeyote apitaye. Mwito wa mtoto huchagua. Huwavuta hasa wazazi, na miongoni mwao huwavuta kwanza wale walio wepesi kuitikia, yaani mama wanaolea vizuri zaidi. Anayempiga mama huyo mara nyingi huua wawili, kwa kuwa mtoto aliyefichwa majanini hatanyonyeshwa tena. Katika wanyama wanaozaa mmoja mmoja, msitu unaoitwa kila wiki huweza kumalizika bila kelele nyingi.

Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kuwinda bila ya kibali, na inakataza kuwinda wanyama wachanga na majike wenye mimba au wenye watoto. Ulaya nako, Mkataba wa Bern wa mwaka 1979 uliweka vinasa sauti katika orodha ya njia zinazokatazwa kutumika kukamata na kuua wanyama unaowalinda. Mitambo haichoki kama koo la mtu, na kwa simu ya mkononi ya leo kila kijana ana kinasa sauti mfukoni.

Lakini mwito huohuo umekuwa chombo cha wanasayansi. Funo wa msituni ni vigumu kuhesabiwa: huona mtu kabla ya kuonwa. Watafiti katika misitu ya Afrika ya Kati wamewahi kuwaajiri wawindaji waite, nao wakahesabu wanaokuja badala ya kuwapiga. Hesabu hiyo ina mashaka yake, maana kama tulivyoona, wanaokuja si mfano halisi wa wote waliopo, na mahali panapowindwa sana kwa mwito wanyama huacha kuja. Mtafiti anayesema "hawakuja, kwa hiyo hawapo" amepotoka. Huenda wapo, wamejifunza.

Mashaka haya yana uzito kwetu. Katika milima ya nchi yetu, ikiwemo Udzungwa na misitu ya Nyanda za Juu za Kusini, anaishi minde, funo mkubwa mweusi asiyepatikana nchi nyingine yoyote duniani. Ni msiri mno: picha ya kwanza ya minde hai porini ilipigwa mwaka 2003 tu, huko Udzungwa, kwa kamera iliyotegwa njiani. Yumo katika orodha ya kimataifa ya wanyama walio hatarini kutoweka. Kumhesabu kunataka njia isiyomtisha wala kumdhuru, na anayetaka kujaribu miito katika hifadhi kama Mpanga-Kipengere, iliyotangazwa mwaka 2002, hana budi kupata kibali cha Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori (TAWIRI) na cha Tume ya Sayansi na Teknolojia.

Jaribio la darasa

Mwanafunzi wa Lyamkena hahitaji kwenda hifadhini ili kujifunza jambo hili. Mbuzi wanatosha. Chagueni, kwa ruhusa ya mwenye mifugo, mbuzi jike watano au zaidi wenye watoto wa wiki moja mpaka tatu. Nasa sauti ya kila mtoto anapotenganishwa na mama yake kwa dakika chache. Asiumizwe wala kushtuliwa, kwani mlio wa kumtafuta mama unatosha. Kisha, siku nyingine, mama akiwa peke yake zizini, ficheni kipaza sauti umbali wa mita 10 na mpigieni sauti tatu kwa zamu: ya mtoto wake, ya mtoto wa mwenzake, na sauti isiyohusu, kama ya kuku. Kila sauti iwe na urefu uleule na nguvu ileile. Pumzisheni angalau robo saa kati ya sauti moja na nyingine, na mbadilishe utaratibu kwa kila mbuzi ili ya kwanza isiwe ile ile daima.

Andikeni sekunde anazochukua kugeuza kichwa, kama aliitikia kwa sauti, na kama alisogea. Ni bora anayeandika azibe masikio kwa pamba asijue sauti gani inapigwa. Mtu akijua, jicho lake huona anachokitarajia.

Utafiti uliofanywa Uingereza unatabiri kwamba mama atamtambua wake. Je, itakuwa hivyo kwa mbuzi wenu? Rudieni siku yenye upepo mkali, mara kipaza sauti kikiwa upande unakotoka upepo, mara upande unakoelekea, na mara ubavuni. Angalieni pia kama mbuzi anayesita huenda kwanza kusimama mahali ambapo upepo unamletea harufu. Mwisho, mpigieni mbuzi mmoja sauti ya mtoto mgeni mara nane mfululizo, mkihesabu kila mara sekunde za mwitikio, na mchore matokeo kwenye karatasi ya grafu: idadi ya miito kwenye mstari wa chini, sekunde kwenye mstari wa wima.